Buti za Mbweha na Mfuko wa Jivu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na buti!

Zilinukaje?

Simulia tu, pua tumeshaziba!

Haya, zibeni vizuri. Na wewe uliyekaa karibu na mlango usicheke sana, miguu yako tunaijua.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiwinda kwa kikundi na kugawana nyama kwa heshima, alikuwako Mbweha. Mbweha hakuwa na nguvu za Chui, mkuu wa kikundi, wala wepesi wa Nguchiro. Lakini alikuwa na kazi yake: yeye ndiye mtupa jivu. Kiunoni alifunga mfuko mdogo wa jivu, na kila walipokaribia mawindo alichota kidogo akalirusha juu. Likipepea huku, wawindaji walizungukia kule, ili upepo usipeleke harufu yao puani mwa paa. Kwa kazi hiyo ini la kila mnyama lilikuwa lake. Mkewe alilipika, na watoto wake saba wakashiba.

Siku moja Mbweha alikuta buti mbili za ngozi zimetundikwa kwenye mgunga. Mwindaji mmoja, binadamu, alizitundika pale akaenda zake pekupeku, tena mbiombio, bila kugeuka nyuma. Mbweha hakujiuliza kwa nini mtu aache buti nzima katikati ya miiba. Alizivaa miguu ya nyuma, akafunga kamba, akatembea hatua tatu, akajiona bwana harusi.

Tangu siku hiyo hakuzivua, kwa kuogopa wezi. Alikula nazo, akalala nazo, akakanyaga nazo matope na umande. Mvua ikaingia ndani, jua likapika, jasho likatia chumvi. Mkewe alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili akahamishia mkeka wake uani. Wiki ya tatu akamwambia waziwazi, "Baba watoto, buti zako zinanuka. Hata nzi wanaingia kwa zamu."

Mbweha akanuna. Akamwambia ana wivu kwa kuwa yeye hana buti, akatoka zake.

Kikundi kikaenda kuwinda. Mbweha akarusha jivu, likapepea vizuri kabisa, akawaambia wasogee. Paa akainua kichwa, akanusa mara moja, akapiga chafya, akatoka nduki. Wote wakamgeukia mtupa jivu. Mbweha akasema upepo umegeuka ghafla, hata yeye umemshangaza.

Siku ya pili Mbweha akashindilia majani ya rehani yanukiayo ndani ya buti, kwa siri. Mdomoni alikana, lakini maneno ya mkewe yalikuwa yanamwasha moyoni. Rehani ikakutana na jasho la wiki tatu, ikawa harufu ya samaki aliyeoza ndani ya shada la harusi. Nguruwe pori walikimbia na watoto wao. Safari hii hata wawindaji wakaziba pua, na Chui akauliza uvundo ule unatoka kwa nani.

Mbweha alikuwa mjuzi wa upepo, au mmesahau? Haraka akaenda akasimama mbele ya mlango wa Bi Fungo, aliyekaa kando ya njia na watoto wake wanne. Akawaita wenzake waje wanuse wenyewe, uvundo unatokea wapi kama si hapo. Wakanusa. Kweli, ulitokea hapo, maana buti zilikuwa hapo. Na nani asiyejua kwamba fungo ana harufu yake? Chui akaamuru Bi Fungo ahamie ng'ambo ya kijito kabla jua halijatua.

Bi Fungo alikuwa anamwogesha mtoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Paa wamezaliwa wakaikuta harufu yangu. Lini waliwahi kunikimbia?"

Akaitazama miguu ya Mbweha kwa muda, akajitwika chungu, akaondoka na watoto wake. Yule mdogo alikuwa bado ana povu masikioni. Mbweha alipomwona akivuka maji akilia, aibu ilimshika kweli. Lakini Chui alikuwa ameshatangaza: wakirudi mikono mitupu mara ya tatu, mfuko wa jivu utapewa mwingine, na ini pia. Mbweha akawafikiria watoto wake saba, akafunga mdomo.

Siku ya tatu akazifukiza buti kwa udi mpaka zikatoa moshi kwenye matundu ya kamba. Lakini upande wao wa kijito wanyama walikuwa wamekwisha kukimbia wote. Chui akasema wavuke. Mbweha akasita, maana maji yangeuosha udi wote. Akazivua buti kwa mara ya kwanza tangu azipate, akazificha kichakani, akavuka pekupeku, asijue kwamba Bi Fungo anamtazama kutoka ng'ambo.

Ng'ambo akarusha jivu. Pongo akaendelea kula majani, hana habari. Wakamkamata kabla hajameza.

Chui akamsifu mtupa jivu. Mbweha akavimba kichwa, akasema, "Mnaona? Fungo kahama, hewa imetakata."

Nguchiro akauliza, "Si kahamia huku huku tuliko?"

Mbweha akashikwa na kikohozi kirefu.

Waliporudi wakavuka kijito, na Mbweha akakimbilia kichakani. Buti hazipo. Akatafuta mara moja, mara mbili, mara tatu. Kuuliza hakuweza. Akabeba paja lake la nyama, akatembea nyuma ya wenzake kama mfiwa.

Kufika kwa Chui, wakamkuta mkewe na watoto wamekaa nje juani, wameziba pua kwa kanga. Nyumbani hakukaliki. Chui akanguruma jina la Bi Fungo.

"Abee," Bi Fungo akaitika, na sauti ikatoka nyuma ya wawindaji. "Mimi niko hapa nje. Huyo aliyeko ndani ni nani?"

Chui akaingia. Akatoka machozi yanamtiririka, ameinua buti mbili kwa ncha ya fimbo. Akauliza ni za nani.

Mbweha akatazama mawingu. Akikana, mfuko unabaki kiunoni na ini linabaki chunguni. Akajikaza.

Bi Fungo akasema kwa upole kwamba kitu kisicho na mwenyewe ni takataka, bora kichomwe. Mke wa Chui hakungoja kuambiwa mara mbili, akaleta kijinga cha moto. Moto ukasogea, ukasogea, ukagusa kamba.

"Msichome," Mbweha akasema. "Ni zangu."

Wawindaji walicheka mpaka wakaangusha nyama. Chui hakucheka. Alimwomba Bi Fungo radhi mbele ya watu wote, akamrudishia nyumba yake, akamfungua Mbweha mfuko wa jivu na kuufunga kiunoni mwa Bi Fungo. Ini la pongo likamfuata huyo huyo. Bi Fungo akalikata, akapeleka kipande kwa mke wa Mbweha, kwa kuwa ndiye pekee aliyesema kweli.

Kisha akamwonyesha Mbweha dawa. Toa soli ya ndani, uianike panapopita upepo. Mwaga jivu kavu ndani ya buti, lilale humo, kesho ulikung'ute. Na miguu uioshe, uikaushe mpaka katikati ya vidole.

"Dawa ulikuwa umeifunga kiunoni siku zote," akamwambia. "Uliirusha juu, hukuitia chini."

Buti zikapona. Lakini jivu sasa ni la Bi Fungo. Kila wakirudi kuwinda, Mbweha humwendea amekinga mkono. Naye humwambia ainue mguu, akaunusa taratibu mbele ya kikundi kizima, akafikiri, ndipo akampa konzi moja ya jivu.

Basi ndugu zangu, ukisikia harufu mbaya, anza kwa kuvua viatu vyako mwenyewe kabla hujasimama mlangoni kwa jirani. Ukimbandika mwingine uvundo wako, utakuja kuinua mguu mbele yake.

Hadithi yangu imevuka kijito pekupeku, imefika salama. Atakayeipenda aende nayo kwake. Asiyeipenda aiache nje mlangoni, pamoja na viatu.