Mwalimu wa Madungu

Wahenga walisema kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Maana yake ni kwamba mtu asiyechoka kuhangaika hakosi kitoweo. Asiyesadiki na asikilize habari za Mwalimu Mshamu wa upande wa Mbwera, aliyekula wali mkavu miaka minne, enzi za Mwingereza.

Mshamu alimaliza chuo siku moja na mwenzake Mwinjuma, na katika mtihani alimshinda. Lakini Mwinjuma akawa karani bomani kwa shilingi mia na ishirini kwa mwezi, Mshamu akapewa chaki na shilingi sabini. Dhuluma iliyoje!

"Baba Zabibu," mkewe Mwantum alimwambia, "chuo mmesoma kimoja. Waandikie wakubwa wakulipe kama mwenzio, au acha kazi turudi Mohoro tukalime."

Mshamu akaandika. Jibu likaja kuwa Mkaguzi wa shule angefika mwezi wa Mei, na akikuta wanafunzi pungufu ya thelathini, si nyongeza tu itakayokosekana, shule nayo itafungwa. Mwezi huo mpunga hutoa masuke, na watu huhamia mashambani na watoto wao, wakakaa katika madungu, vibanda vya juu ya nguzo, ili kuamia ndege. Darasani hubaki mijusi.

Mshamu hakukaa kulia. Alijitwika ubao, akapanda mtumbwi, akawa anafundisha dungu hadi dungu, matope yakimfika magotini. Wazazi walipomnung'unikia kwamba anawapotezea walinzi wa mpunga, aliwaambia watoto, "Someni kwa kelele, ndege wasikie!" Basi wakasoma kwa kupokezana, dungu hili likiitikia lile, na ndege wakatimka. Tangu hapo hakuna mzazi aliyenung'unika.

Siku ikafika. Mkaguzi, Mzungu mrefu, alikuja na karani wake, naye si mwingine ila Mwinjuma. Walikuta madawati matupu.

"Ndugu yangu," Mwinjuma alicheka, "siku hizi unasomesha mijusi?"

"Pandeni mtumbwi," Mshamu alijibu.

Hata kabla hawajafika walisikia sauti za watoto zikivuma juu ya mpunga. Mkaguzi alihesabu wanafunzi thelathini na wanane, lakini hakuridhika. "Wamekariri kama kasuku," alisema. Akachomoa karatasi katika mkoba wa Mwinjuma bila kuitazama, akainyoosha juu dunguni. "Soma hii!"

Aliyeipokea hakuwa mwanafunzi. Alikuwa Mwajabu, mama wa watoto watatu, ambaye kila siku alikuwa akipepeta mchele huku akisikiliza na kuutazama ubao. Alisoma polepole, kwa sauti: "Tangazo. Shule yenu imefungwa leo kwa kukosa wanafunzi."

Madungu yote yakaangua kicheko. Uso wa Mkaguzi ukaiva kwa aibu. Aliichukua ile karatasi, akaichana vipande vipande, akampa Mshamu mkono. Mwinjuma, aliyeliandika tangazo hilo mapema ili asipate tabu, alitazama maji.

Baada ya miezi mitatu barua ilifika: shule ibaki, na Mwalimu Mshamu alipwe shilingi mia na ishirini, sawa na karani. Mwantum alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mwajabu alileta kikapu cha kamba, wakapikwa kwa nazi, na mwalimu akala mpaka akalegeza mkanda, huku akicheka peke yake. Kweli, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.