Nati ya Sekela

"Gari likanyage, ndipo nati ikazwe." Jana mmeisikia methali hii kinywani mwa Bibi Sekela, mlipotaka kumpa kijana mgeni uongozi wa kwaya yenu kwa miaka mitano, na ameimba nanyi Jumapili mbili tu. Leo mmenijia niwaeleze ilikotoka. Mmefanya vyema, maana nilikuwapo, na kusema kweli nilikuwa upande wa wajinga. Basi ilianza hivi.

Miaka hiyo nilikuwa mwenyekiti wa kijiji hiki cha Lunyanzi, nina tumbo na nina sauti. Akina mama ishirini wa kikundi cha Tupendane walikuwa wamechanga wakanunua pikapu kuukuu ya kupelekea viazi vyao gulioni kila Alhamisi. Kabla ya hapo walivibeba kichwani kuupanda mlima wa Igolwa, au walimwachia mlanguzi shambani kwa bei aitakayo yeye. Pikapu ile iliwatoa utumwani. Dereva wao alikuwa Sekela, na fundi wao alikuwa huyo huyo, kwa sababu usichanani alikuwa utingo wa lori la mjomba wake na spana alizijua kama anavyojua mwiko wa ugali.

Siku moja mkono wa gurudumu la mbele ukavunjika. Mkono ni kile chuma kinachoshika gurudumu na kuliunganisha na chasisi. Pale unapoungana na chasisi umetiwa bushi, yaani mipira minene, ili gari likipita mashimoni mkono nao upande na kushuka. Gereji ilikuwa mjini, mbali, na gari halisogei. Sekela akaagiza mkono mpya, akaliinua gari kwa jeki uani kwake, akafungua wa zamani, akapachika mpya, akakaza nati zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilikuwa kazi safi. Wanaume tulisimama kumtazama, na hakuna aliyemsifu.

Siku ya tisa gari likaanza kulia kama mlango wa ghala. Bushi mpya zilikuwa zimechanika vipande vipande. Hapo nikapata la kusema. Kwenye mkutano wa kijiji nikatamka kwamba gari ni mambo ya wanaume, na likiharibika tena kwa ubovu uleule, kijiji kitalichukua na kulitafutia dereva mwingine. Mkutano ukapitisha, kwa kuwa wanaume tulikuwa wengi. Akina mama wakatoka vichwa chini, wakijua kichwa na mlima vinawangoja. Niliwaona, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sekela akatafuta bushi nyingine. Jumatano, kesho yake ikiwa gulio, gari lilikuwa tena juu ya jeki na magogo, mkono umepachikwa, gurudumu linaning'inia, naye ameshika spana tayari kukaza. Mimi nilikwenda kushuhudia anavyoshindwa. Mara akaingia mwanakikundi mwenzake, Tusajigwe, amekuja kusaidia, na mtoto wake analia mgongoni hanyamazi.

"Umemfungaje huyo?" Sekela akauliza.

"Nilikuwa na haraka, dada. Nimemtupia mgongoni, nikakaza."

"Fungua mbeleko. Mrushe juu kidogo, akae, miguu ipate mahali pake. Akishakaa ndipo ukaze. Wewe umemkaza angali ananing'inia, sasa kila akitaka kukaa nguo inamvuta. Ataachaje kulia?"

Tusajigwe akafungua, akafunga upya. Mtoto kimya. Nikamwona Sekela anamtazama mtoto, kisha anatazama gurudumu. Ghafla akaitupa spana chini na kujipiga kofi la paja.

"Jamani! Si ndivyo nilivyofanya mimi! Nilikaza gurudumu likining'inia. Gari liliposhuka, bushi zikabaki zimejipinda mchana na usiku. Zingeachaje kuchanika?"

Akazifunga nati kwa vidole tu, zisidondoke. Akina mama waliokuja na viazi vya gulio wakamsaidia kutandika mbao nene chini ya magurudumu yote manne, apate nafasi ya kuingia uvunguni; kisha akaondoa magogo na kushusha jeki, gari likakanyaga mbao.

"Bado," akasema. "Hili ni gari la mizigo. Leteni viazi."

Wakapakia magunia. Kisha akanigeukia. "Mwenyekiti, nawe panda mbele ukae mahali pa dereva. Kwa uzito, hapa hakuna anayekushinda."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Ningefanyaje? Nikapanda. Sekela akalala chali, akaingia uvunguni, nami nikasikia nati zikikazwa chini ya makalio yangu, moja baada ya nyingine. Alipotoka amejaa vumbi, aibu ilikuwa imenijaa, na heshima kwake pia. Nikatoa kalamu mfukoni.

"Sekela, nimeona kwa macho yangu. Naandika sasa hivi kwamba gari hili ni lenu, na halina mjadala tena."

Akatikisa kichwa. "Ahsante, Mwenyekiti, lakini ngoja. Gari likanyage, ndipo nati ikazwe. Neno lako nalo tusilikaze likiwa hewani. Acha lipande Igolwa na mzigo mwezi mzima, ndipo uandike."

Na lilipanda, wajukuu zangu! Alhamisi ya kwanza lilipanda na magunia kumi na mbili, bila kulia hata kidogo. Ya pili likapanda mvua ikinyesha. Ya tatu mlanguzi mwenyewe akaja kuomba lifti, wakamwambia akae nyuma na viazi. Ya nne lilirudi likipiga honi kuanzia mtoni, akina mama wamesimama nyuma wanapiga vigelegele, na watoto wa shule wakatoka madarasani bila ruhusa. Sekela akaliegesha mbele ya ofisi yangu, akazima injini, akasema, "Sasa andika."

Nikaitisha mkutano palepale. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba pikapu ni mali ya akina mama wa Tupendane na dereva wake ni Sekela. Nikauliza nani anaafiki. Mikono ya wanaume wote ikapanda, na wa kwanza ulikuwa wangu. Hakuna aliyewahi kulidai tena gari lile, kwa maana kila mtu alikuwa ameliona likibeba uzito wake. Nalo neno lenyewe likakaa vinywani mwetu mpaka leo: gari likanyage, ndipo nati ikazwe.