Mkono wa Mama Mkwe

Haya, sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usinipitishie baridi. Nikisema "kisa kinakuja", nyinyi semeni "kipite ndani kikae". Na mseme kwa sauti, si kama watu waliokosa uji.

Kisa kinakuja.

Kipite ndani kikae!

Kikae wapi, na mmejazana hivyo? Haya, kitajibanza. Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, wakati milima ilikuwa bado inagombana ipi iwe juu ya ipi, kulikuwa na kijiji kikiitwa Mbaghara, huko juu kwenye ukungu. Mbaghara alikaa kijana mmoja, Senkondo, mrefu, mpole, mwenye aibu hata mbele ya kuku. Alimwoa Nakijwa, mtoto wa pekee wa mjane mmoja, Bi Nambike. Wakapendana, wakalima, wakakaa vizuri.

Sasa nisikilizeni jambo la ukwe, maana bila hili mtabaki mnakodoa macho tu. Enzi hizo mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakumtaja jina. Hakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Na kumgusa? Kumgusa ndiyo kabisa. Mwanamume akimshika mama mkwe mkono, amekuwa mwanawe wa kumzaa. Na akiwa mwanawe, basi mkewe amekuwa dada yake, na nani anaishi na dada yake? Ndoa imekufa hapo hapo, kila mtu ashike njia yake. Mnacheka. Wao hawakucheka, walilishika jambo hilo kama tunavyoshika sisi kutomkanyaga mtu aliyelala.

Basi Nakijwa akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Lakini mama mtu akashikwa na homa. Ikapanda, ikapanda, akawa anaongea na watu wasiokuwepo, maziwa yakakauka. Bi Nambike alikuwa ameketi nje, nyuma ya ukuta, maana mkwe wake alikuwa ndani.

"Homa hii naijua," akasema kupitia ukutani. "Ilinipata mimi nilipomzaa huyu huyu. Mama yangu aliniponya kwa majani yanayoota nyuma ya maporomoko, kule ndani ya msitu. Asipoyapata, hatufiki naye mbali."

Maporomoko hayo watu waliyasikia tu. Ukiwa msituni unasikia maji yanaunguruma, ukiyafuata yanaungurumia upande mwingine. Njia yake walionyeshwa wanawake wa ukoo wa Bi Nambike peke yao, mama kwa binti, na binti mwenyewe ndiye huyo amelala hajitambui. Na Bi Nambike macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli, basi. Njia anaijua, lakini haioni. Wanaume wa Mbaghara walikuwa wamekwenda safari ya kununua chumvi. Wanawake walisema waziwazi kwamba msitu ule wanauogopa, wala hawakuona haya.

Alibaki nani? Alibaki Senkondo.

Alibaki nani?

Senkondo!

Eeh. Alibaki mkwe. Na yule mama akasema, "Basi twende. Mimi mbele, yeye nyuma. Nitaweka kibuyu mgongoni. Akiwa na neno, akiambie kibuyu, na mimi nitakiambia kibuyu."

Wakaondoka alfajiri. Bi Nambike mbele na fimbo yake, kibuyu kinaning'inia mgongoni, Senkondo nyuma na panga, macho yake chini kwenye visigino vya mama mkwe. Wakapanda. Wakapanda, wakapanda, matope mpaka magotini, ruba wanawanyonya miguu, ukungu umetanda mpaka mtu haoni mkono wake.

"Kibuyu," akasema mama, "mwambie anayekuja nyuma ashike mizizi, asishike majani. Majani ya hapa yana upupu."

"Kibuyu," akajibu Senkondo, "mwambie mkubwa aliyetangulia nimesikia. Ila upupu nimeshaushika."

Mabega ya mama yakatikisika. Alikuwa anacheka, hakutaka kusikika.

Wakapanda. Wakapanda, wakapanda. "Kibuyu, mwambie mkubwa mbele kuna gogo, apitie kulia." "Kibuyu, mwambie kijana tukifika penye baridi inayopiga shavu la kushoto, hapo ndipo tunaposhuka." Maneno hayo yakaenda, yakarudi, na kibuyu kikawa na kazi nyingi siku ile kuliko mshenga yeyote.

Sasa mjue, hao watu wawili hawakuwa wamewahi kuzungumza. Tangu mahari, tangu harusi, hawakuwa wamesemezana hata habari ya mvua. Njia ikazidi kuwa ngumu, na mtu mwenye hofu moyoni hanyamazi.

"Kibuyu," akasema mama, anahema, "hebu muulize. Mwaka ule wa njaa, ni kweli alikuwa anampa mwanangu chakula chake na kusema ameshiba? Au ni maneno ya watu?"

Senkondo akajibu, "Kibuyu, mwambie mkubwa, si kila siku. Siku nyingine njaa ilinishinda, nikala."

"Kibuyu, mwambie nimefurahi hakunidanganya."

Baadaye Senkondo naye akasema, "Kibuyu, muulize mkubwa. Nakijwa akifa, mimi nitafanya nini?"

Mama akasimama, akaegemea fimbo, machozi yakamtoka, na Senkondo akageuza uso wake kando asije akayaona. Walikuwa wanamlilia mtu mmoja, mmoja kaangalia huku na mwingine kule. Kisha wakaendelea kupanda.

Ikaja baridi ya shavu la kushoto. Wakashuka korongoni wakining'inia kwenye mizizi, Senkondo akikata mimea itambaayo iliyoziba njia, na mara ukungu ukafunguka. Wanangu, maji! Yanatoka juu huko hujui yanaanzia wapi, yanapita mbele ya jabali jeusi, yanadondoka shimoni na huoni yanapoishia. Kufika nyuma yake kulikuwa na njia moja, ukingo wa jabali, mwembamba, umelowa, unateleza. Upana wake si kitu, mguu na nusu. Upande huu ukuta, upande huu hakuna kitu.

Senkondo akataka aende peke yake. Mama akakataa. Majani yaotayo hapo ni ya aina nyingi yanayofanana, na mengine ni sumu. Yeye aliyajua kwa vidole na kwa kuyanusa.

Basi wakauingia ukingo. Mama mbele, anapapasa ukuta. Mkwe nyuma. Hatua, na hatua nyingine. Senkondo akainua macho kidogo, akaona jiwe lililo mbele ya mguu wa mama limepasuka, linacheza.

Mtu yeyote kati yenu angesema nini? Angesema "Simama!" Si ndiyo? Neno moja. Lakini Senkondo alikuwa amelelewa vizuri. Alisema, "Kibuyu, mwambie mkubwa aliyetangulia..."

Kabla adabu haijakwisha, mama ameshakanyaga.

Jiwe likaenda. Mama akaenda nalo, akadaka mzizi kwa mkono mmoja, mwili mzima unaning'inia juu ya shimo. Kamba ya kibuyu ikakatika, kibuyu kikaanguka, hata hawakusikia kilipofika.

Senkondo akalala kifudifudi, akanyoosha mkono.

"Usinishike!" Hilo ndilo neno la kwanza Bi Nambike alilomwambia mkwewe mwenyewe, si kibuyu. "Usinishike, nakwambia. Ukinishika umempoteza mke. Majani yana harufu kama ya tangawizi, kwa chini yana manyoya. Chuma uende."

Sasa mwoneeni huruma kijana huyu. Akimwacha mama aanguke, atarudi na majani, ataishi na mkewe, na kila akimtazama usoni atakumbuka mama yake alivyoachwa. Akimshika, mama atapona, mke atapona, mtoto ana mama, ana bibi. Atakayekosa kila kitu ni yeye. Aliyawaza hayo huku mzizi unang'oka polepole.

Akamshika. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akavuta, akavuta, akamleta juu. Na walipokaa nyuma ya maji, wamelowa, wanatetemeka wote wawili, hakuuachia mkono ule mpaka mama mwenyewe alipoutoa.

Bi Nambike akachuma majani. Alipomaliza akasema, "Hakuna aliyetuona."

"Mimi nimeona," akasema Senkondo. "Na wewe umeona. Mtoto akikohoa tu nitasema ni mimi niliyevunja mwiko. Nakijwa akiumwa kichwa nitasema ni mimi. Nitakaa vipi na mtu hivyo, mama?"

Alikuwa ameshamwita mama. Akatambua, akainamisha kichwa.

Walirudi Mbaghara, majani yakachemshwa, Nakijwa akanyweshwa, akafukizwa. Akatoka jasho mpaka mkeka ukalowa. Asubuhi akafungua macho, akaomba mtoto, na baada ya mtoto akaomba uji. Senkondo aliona hayo kwa kuchungulia dirishani. Hakuingia. Akafunga jembe lake na mkeka wake, akawaendea wazee barazani na kuwaambia yote mwenyewe, bila kuulizwa.

Mkubwa wa wazee alikuwa Mzee Kajiru, na alimpenda kijana huyo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa shuka la mabegani. "Laiti ungenyamaza," akasema. "Lakini umesema, na sisi tumesikia. Umekuwa kaka yake. Nenda kwenu, mwanangu. Usigeuke nyuma, utatuumiza."

Hapo ndipo fimbo ikasikika inagonga chini. Bi Nambike huyo, anakuja taratibu.

"Wazee," akasema, "mama mkwe akifa, nani humbeba kaburini?"

"Mkwe," akasema Mzee Kajiru. "Hilo unalijua. Maiti hana ukwe."

"Basi mimi nilikufa. Jiwe lilipotoka, nilikufa. Nilishaagana na dunia, nilishatoa wasia wa majani. Huyu kijana alibeba maiti ya mama mkwe wake kama inavyompasa. Mnamfukuzia nini?"

Wazee wakasogea pembeni, wakanong'ona, wakanong'ona, wakarudi. Mzee Kajiru akasema kwa upole, "Mama, hatuwezi kuchukua nusu ya neno. Kama ulikufa, umekufa. Shamba lako litarithiwa. Kigoda chako kwenye baraza la wanawake wakubwa atakikalia mwingine. Hakuna atakayekuita jina. Na siku pumzi itakapokatika kweli, hatutakulilia, maana hatulii mtu mara mbili. Bado unasema ulikufa?"

Bi Nambike alipenda sana kigoda kile, msidhani hakukipenda. Alikuwa mwanamke wa kusikilizwa. Akagonga fimbo chini mara moja.

"Nilikufa," akasema. "Nililieni leo basi, nisikie."

Wakamlilia. Kijiji kizima kilikusanyika kumlilia, naye amekaa katikati anasikiliza, na mwombolezaji akikosea anamsahihisha: "Sikuwahi kuwa mchoyo wa maharage, hilo litoe." Watu wakalia wakicheka, wakacheka wakilia. Nakijwa akatolewa nje amefunikwa shuka, mtoto kifuani, akalia kuliko wote, maana yeye alijua mama yake amelipia nini.

Jioni ile Bi Nambike aliingia nyumbani kwa mwanawe, akavuta kigoda, akaketi kumwelekea Senkondo uso kwa uso. Maiti hana mwiko. "Nipakulie, mwanangu," akasema. Senkondo akampakulia, wakala sahani moja. Wakala hivyo miaka mingi, na yule mtoto akakua akidhani nyumba zote ziko hivyo.

Halafu Bi Nambike akafa kweli, usingizini, mzee sana. Kijiji kikatulia kimya kama wazee walivyoagiza. Senkondo akambeba peke yake mpaka kaburini, na alipomlaza akaanza kulia, kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, analia "mama, mama". Kulikuwa na wazee pale, na agizo walilijua. Mzee mmoja akavua kofia, na yeye akaanza kulia.

Mnaona? Adabu waliiweka wahenga ili watu wapate kuheshimiana na kuishi. Ishikeni. Lakini ukimwona mwenzako anateleza, mpe mkono kwanza, habari za adabu mtazijua mkishakaa chini.

Kisa changu nimekitua hapo, mgongo umechoka. Anayetaka kukibeba akipanguse vumbi aende nacho, na wewe wa mlangoni ufunge mlango.