Mkalimani wa Bwawani

Mwaka mmoja mvua iligoma kabisa. Mito ikakauka, likabaki bwawa moja tu, nalo ni la Simba. Wanyama wakakusanyika kwa mbali, kila kabila na lugha yake. Nani angethubutu kumwomba Simba maji?

"Niachieni mimi," akasema Fisi. "Kisimba nakijua kama jina langu. Nyinyi na lugha zenu za vichakani, mkifungua kinywa tu mbele ya mfalme, mmekwisha."

Wakamwamini, na Bi Swala akamwamini kuliko wote. Papo hapo akamkataza binti yake, Kidoti, kusema Kiswala. "Ongea kistaarabu," akamwambia. Kidoti hakujua lugha nyingine, basi akanyamaza.

Fisi akaenda bwawani, akarudi amekunja uso. "Mfalme amekubali, ila anataka kitoweo kila siku, nami ndiye wa kumpelekea. Leo anamtaka Kidoti."

Bi Swala akamkinga binti yake kwa mwili wake. Sungura, aliyemwona Fisi akidondokwa na mate, akamsogelea. "Dada, umemsikia Simba mwenyewe akisema hivyo?"

"Nitamsikiaje, na Kisimba sikijui?"

"Basi kaseme naye kwa Kiswala. Kama ni kufa, ufe umesema."

Bi Swala akaenda bwawani, wanyama wote wakimfuata, hata Fisi. Akainama mbele ya Simba, akasema kwa kile Kiswala chake alichokionea haya: "Bwana wangu, nichukue mimi, umwache mwanangu."

Simba akainua kichwa. "Nani kamtaka mwanao?" akauliza kwa Kiswala kizito, cha kukwaruza. "Nilimwambia Fisi mnywe wote. Mpaka mvua inyeshe, hapa hakuna kuwinda."

"Kumbe Bwana unajua Kiswala!"

Simba akatikisa manyoya kwa majivuno. "Miaka yote nalala nyasini nikiwasikiliza. Unadhani nawakamataje?"

"Na Fisi anakijua Kisimba?"

"Fisi? Hajui hata salamu. Tuliongea Kifisi."

Wanyama waliposikia, walicheka mpaka Tembo akakaa chini. Fisi akajaribu kunyata, Simba akamzuia kwa mkia. Hukumu ikatoka: atakunywa wa mwisho, na kila siku ataomba ruhusa kwa Kidoti, tena kwa Kiswala.

Basi kila siku Fisi husimama mbele ya Kidoti, ulimi nje kwa kiu, maneno yakimpinda mdomoni.

"Hapana, mjomba," Kidoti humwambia. "Umesema wewe ni jani. Rudia."

Ndiyo maana, mtu akikuambia lugha ya mama yako haifai, mwangalie kwanza anataka kula nini.