Jina la Ndama wa Bibi Ngwisa

Hebu tulieni kidogo, muione picha hii. Shamba la chai, kijani mpaka pale ukungu unapoanzia. Juu ya kilima, kando ya tangi la maji, amesimama mwalimu mwenye viatu vya mvua. Ameinyoosha simu juu kama mtu anayechuma tunda. Haendi mbele, harudi nyuma, maana akisogea hatua moja mtandao unapotea.

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, simu zilikuwa zimeshafika Rungwe lakini mtandao ulikuwa bado unafuatwa kwa miguu.

Katika shule moja ya huko palikuwa na Mwalimu Lugano, aliyepangiwa darasa la kwanza la mwaka mpya. Siku ya kuandikisha, mwanzoni mwa Desemba, Bibi Ngwisa alimleta mjukuu wake Tusekile, msichana wa miaka saba asiyesikia hata radi. Nyumbani walikuwa wawili tu, bibi na mjukuu, na ng'ombe mmoja. Mwalimu Lugano alimtazama mtoto, akawafikiria watoto themanini na wawili aliokwisha kuwaandika, akasema hataweza.

Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaweka sharti. Siku ya kufungua shule, akiwapo mwalimu wa kumuuliza mtoto huyu jambo na kujibiwa, ataandikwa. Asipokuwapo, mtoto atapelekwa shule ya bweni, safari ya siku mbili. Bibi Ngwisa aliposikia siku mbili, alishika ukuta.

Mwalimu Asifiwe wa darasa la sita alikuwa anasikiliza. Tayari alikuwa na barua ya uhamisho kwenda Chunya. Mtoto hakuwa wake, darasa halikuwa lake, na baada ya wiki mbili hata shule isingekuwa yake. Akavaa viatu vya mvua, akapanda kilima kutafuta mtandaoni somo la lugha ya alama. Siku ya kwanza alipata mtandao, hakupata somo. Siku ya pili alipata somo, lakini la nchi nyingine, na alama zake si za kwetu. Siku ya tatu akampata Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mwalimu mstaafu wa Tanga, naye hasikii tangu utotoni. Kwa miaka minne alikuwa akijirekodi jikoni kwake, akifundisha lugha ya alama neno kwa neno. Masomo mia moja na thelathini, ameyaweka mtandaoni bure kwa ajili ya walimu. Hakuna aliyemtuma. Mengine yalikuwa yametazamwa na watu kumi na mmoja tu.

Siku tisa Asifiwe akapanda, siku tisa akashuka, mpaka akayapakua yote. Siku ya kuhama akataka kumrushia Lugano masomo hayo. Simu ya Lugano ikakataa. Imejaa.

Ilikuwa imejaa mama yake. Mama aliyefariki mwaka uliotangulia: mama akichambua maharage, mama akiimba, mama akimfokea kuku. Hapakuwa na mahali pengine pa kuzihifadhi video hizo, na gari la Asifiwe lilikuwa limeshawashwa. Lugano akamtazama mama yake mara ya mwisho. Akafuta ya kwanza. Akafuta ya pili. Akafuta zote.

Likizo yote alijifunza, na kila alasiri aliipeleka simu kwa Bibi Ngwisa. Tusekile alipomwona Bi Mwanaidi akiongea kwa mikono, aligusa kioo, kisha akageuza simu amtafute nyuma yake.

Siku ya kufungua shule ikafika. Mbele ya walimu wote, Lugano akamuuliza mtoto kwa mikono anataka kunywa nini. Tusekile akajibu.

"Amesemaje?" akauliza mwalimu mkuu.

"Anataka maziwa."

"Mwambie hapa tuna maji tu."

Lugano akamwambia. Mtoto akakunja uso, akajibu tena.

"Anasema kwa bibi yake yapo. Anakukaribisha."

Mwalimu mkuu akacheka, akafungua daftari, akaandika: Tusekile.

Mwezi wa Juni, ng'ombe wa Bibi Ngwisa akazaa ndama jike. Katika nyumba ile, ndama jike hupewa jina la mtu aliyewatendea wema, jina moja lisilobadilishwa mpaka ng'ombe azeeke. Bibi akamwita Lugano bandani, pamoja na Asifiwe aliyekuwa amekuja likizo, akawaambia wamsaidie kuchagua.

Asifiwe akasema, "Bibi, kama ni miguu, yangu ndiyo inayodai. Masomo yalikuwa huko mtandaoni miaka minne. Nani aliyatafuta? Nisingepanda, yangekaa huko huko."

"Miguu yako naijua, mwanangu," akasema Bibi. "Ilipita hapa kila siku, imejaa matope."

Lugano akasema jina lake lisitajwe. "Mimi ndiye niliyesema sitaweza. Ndama ataitwaje kwa jina la mtu aliyemfukuza mtoto?"

"Ulisema hutaweza," Bibi akajibu, "kisha ukamfuta mama yako ili mjukuu wangu aingie darasani. Hilo nalo niliache?"

Naye Bi Mwanaidi, alipoandikiwa habari hizi, alijibu kwa ujumbe mfupi ambao Asifiwe alishuka nao kilimani akausoma kwa sauti: "Miaka minne nilidhani nafundisha ukuta. Kumbe ukuta ulikuwa na mtoto nyuma yake. Asanteni. Jina mpeni mwingine, mimi zawadi yangu nimeshaipata."

Bibi Ngwisa akafuta macho kwa kanga. "Ndaga," akawashukuru wote. "Ndaga sana. Lakini ndama ni mmoja."

Mmoja alifundisha bila kujua anamfundisha nani. Mmoja alitafuta kwa ajili ya darasa lisilo lake. Mmoja alikataa, kisha akatoa alichokuwa nacho cha mwisho cha mama yake. Je, ndama aitwe kwa jina la nani?

Jibuni taratibu. Ila nawaomba mkumbuke kitu kimoja: atakayemwita ndama huyo kila jioni ni Tusekile, na atamwita kwa mikono.