Wimbo Mmoja wa Ijumaa Kuu

Hapo zamani, nanyi msidhani ni zamani sana maana kanisa lilikwisha kuezekwa bati, walikuwako watu watatu katika kigango cha Lihangwe, na wimbo mmoja. Wangekuwa na nyimbo tatu, nisingekuwa na hadithi.

Wa kwanza ni Mzee Otmari Haule. Alipokuwa mtoto, watawa walimfundisha wimbo wa kale wa Ijumaa Kuu, wa Kilatini, sauti moja tupu, bila ngoma wala kinanda. Watawa wakaondoka, wenzake wakafa, yeye akaimba. Vijana wakacheka, eti mzee analia njaa, yeye akaimba. Kisha kiharusi kikamwangusha, asiweze hata kuomba maji.

Wa pili ni mkwewe, Imakulata, aliyeiacha kwaya ili amuuguze. Siku moja akimwogesha, mzee akafungua kinywa akauimba wimbo ule wote, maneno na sauti yake, asikwame popote. Alipomaliza, akawa bubu tena. Tangu hapo Imakulata akimwogesha humwanzishia, mzee anaendeleza, naye anashika kipande kwa kipande mpaka akaumudu wote.

Wa tatu ni Damasi, mwalimu wa kwaya. Alipousikia kwa Imakulata alikosa usingizi. Akautilia maneno ya Kiswahili, akaujengea sauti nne, na ule wa kale akauacha katikati kama ulivyo. Siku ya mazoezi, walewale waliocheka walilia, na mimi siwalaumu.

Sasa, Lihangwe wana desturi yao. Kila wimbo mpya una mwenyewe. Mwenyewe ndiye hutoa sauti ya kwanza, wengine wakapokea. Maadamu yu hai, hakuna mwingine wa kuuanzisha, na asipokuwepo, hauimbwi.

Ijumaa Kuu ikafika. Kabla ya ibada, Padre Fulko akawaita wote watatu sakristia, chumba cha kuvalia nguo za ibada, ili amtaje mwenyewe wa wimbo.

Damasi akasema, "Padre, nimepata uhamisho. Hapa sina shamba wala ndugu. Nipeni wimbo huu nami nitakuja kila Ijumaa Kuu, hata kwa miguu. Bila mimi, ungebaki wa kuogeshea mgonjwa."

Imakulata akasema, "Samahani, Mwalimu. Nilipoacha mazoezi mlinitaka nirudishe sare. Hakuna aliyekuja kunipokea hata nikapumzike. Nisingekaa pale na Baba, leo mngejenga sauti nne juu ya nini?"

"Na yeye?" Padre akauliza, akimwinamia mzee. "Mzee wangu, unasemaje?"

 Machozi yalimtoka mzee, akaubana mkono wa Imakulata kwa mkono wake mzima.

"Baba ndiye aliyeutunza," Imakulata akasema taratibu. "Hilo silikatai."

"Hata mimi silikatai," Damasi akajibu. "Lakini tumpe leo, mwakani tutamkuta? Na akinyamaza katikati mbele ya watu, si tutamwaibisha?"

Ninawahurumia wote watatu, ndiyo maana shauri hili limenishinda. Na msiniambie waanze pamoja. Sauti ya kwanza hutoka kifua kimoja. Saa tisa imefika. Kanisa limejaa, kwaya imesimama, Padre ameshika kitasa cha mlango na bado hajatamka jina.

Haya, ninyi mlioketi hapo: ni nani anayestahili kutoa sauti, na hao wawili mtawaambia nini?