Gulio la Ng'ambo ya Bonde

"Soko la kusikika si soko la kufikika." Mnacheka, wajukuu, mkidhani ni maneno ya wavivu. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, Nakunda aliolewa katika nyumba iliyotazamana na gulio la ng'ambo ya bonde. Pembe ya kufungua gulio ilipolia asubuhi, ilisikika hadi jikoni. Mama mkwe wake, Namsifu, alitema mate juu ya jiwe, akamwambia, "Chumvi imetuishia, na gulio hilo linakuita. Mate haya yasikauke hujarudi."

Nakunda alishuka, akavuka mto, akapanda. Alipofika, watu walikuwa wametawanyika, maana gulio lile huvunjika jua likiwa utosini. Akarudi mikono mitupu. Wiki ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, akajikaza kusema kwamba nyuma ya mlima kuna gulio jingine, la mbali, lakini njia yake inauzunguka mlima, ni tambarare na watu huuza hadi jioni.

"Uache soko la mlangoni ukazurure?" Namsifu alifoka. "Tumechoka kula makande chapwa! Wiki ijayo tunakwenda wote. Nikiona unapopotelea, utarudi kwenu."

Nakunda hakulala vizuri wiki ile nzima.

Siku ilipofika, pembe ikalia, wakatoka. Mtoni Namsifu aliteleza, akakaa majini. Katikati ya kilima alisimama akihema.

"Hivi bado tu?"

"Bado, mama."

"Lakini nawasikia wanavyocheka!"

"Hata mimi nawasikia, mama. Mwezi mzima nawasikia."

Walipofika, mchuuzi wa mwisho alikuwa akikung'uta gunia lake tupu la chumvi.

"Baba, sisi tumetoka pembe ilipolia!" Namsifu alilalamika.

"Sauti haina magoti, mama," alijibu mchuuzi, akamswaga punda wake, akaenda zake.

Nakunda akasubiri kufukuzwa. Namsifu alikaa kwenye majani, akasugua goti moja, kisha la pili.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia kwa sauti ya mgonjwa!" Akanyoosha mkono ili ainuliwe. "Kesho nenda kule mbali, mwanangu. Atakayekuuliza, mwambie Namsifu amesema: soko la kusikika si soko la kufikika."